Umeoa? Kabila gani? Maswali ya mwenye nyumba yasiyolinda kodi

Mpwa wangu amezunguka Kisauni na Mishomoroni wiki tatu akitafuta chumba. Ana kazi, mshahara wake unaingia kila mwisho wa mwezi, na pesa za kodi ya kwanza pamoja na dipositi alikuwa nazo tayari. Kila mlango aliobisha aliulizwa mambo matatu: umeoa, kabila gani, kwenu wapi. Akijibu kwamba hajaoa, chumba kimeshachukuliwa. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi wapi, wala huko alikokuwa akipanga mwanzo aliondoka vipi.

Sikusudii kuwabeza wenye nyumba. Wengi wao hapa kwetu si matajiri wa maghorofa. Ni mama mjane wa Majengo au Likoni mwenye nyumba ya Kiswahili, analala chumba cha mbele na kupangisha vinne vilivyobaki, na hizo ndizo pesa za dawa yake ya sukari na karo ya wajukuu. Mpangaji akihama usiku na deni la miezi mitatu, mama huyo hana pa kushika. Jirani yangu mmoja yalimfika. Kumwambia mtu kama yeye asimchunguze anayeingia kwake ni kumwonea.

Ipo pia hofu ya usalama. Tangu lilipotokea shambulio la Westgate mwaka 2013 na serikali ikaleta Nyumba Kumi, mwenye nyumba anatakiwa amjue anayelala chini ya paa lake. Si hofu ya bure. Mmoja wa waliovamia DusitD2 kule Nairobi, Januari 2019, alikuwa amepanga nyumba Muchatha, kaunti ya Kiambu. Lakini hebu tutazame alivyoishi. Aliishi na mke, kwenye nyumba ya kupanga, kama majirani zake. Lile swali la "umeoa?" angelipita bila taabu. Aliyefeli ni mpwa wangu.

Hapo ndipo penye ila. Maswali haya hayamkamati mhalifu wala hayamtambui mdaiwa sugu. Yanamkamata kijana wa Kiislamu asiye na mke, na kwa mji ulioshuhudia misikiti ikivamiwa na polisi mwaka 2014, sote twajua jina na kanzu vinavyosomwa. Ajabu ni kwamba wanaomsoma hivyo siku hizi ni sisi wenyewe. Mwenye nyumba wa pwani anamkataa mtoto wa pwani.

Sheria nayo haiko kimya. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwenzake kwa dini, kabila au hali yake ya ndoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayaweka mambo hayo hayo katika kundi la habari nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Kisha tazama tunavyofanya: dalali anamwambia kijana atume picha ya kitambulisho kwa WhatsApp kabla hata hajaonyeshwa mlango, na picha ile inabaki kwenye simu ya mtu asiyemjua. Wengine wanadai cheti cha tabia njema, shilingi 1,050 kupitia eCitizen, kwa chumba cha shilingi elfu tatu. Cheti hicho hakisemi kama mtu hulipa kodi.

Kuna mahali namwelewa mama. Nyumba yenye ukumbi mmoja na choo cha pamoja, na ndani mna mabinti, suala la stara ni la kweli. Basi na aseme mapema, kabla kijana hajamlipa dalali ada ya kuonyeshwa nyumba. Ila jengo la milango ya kujitegemea, kila mtu na choo chake, stara gani inayovunjika?

Maswali yenye faida ni machache. Unafanya kazi wapi? Ulikuwa unapanga wapi, na nipigie nani? Simu moja kwa mwenye nyumba wa zamani ina thamani kuliko kopi kumi za vitambulisho. Halafu maandishi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na bado sisi tunapangishana kwa mdomo kisha tunafikishana kwa mzee wa mtaa tukigombana nani alisema nini. Karatasi moja inatosha: kodi ni kiasi gani, inalipwa tarehe ngapi, dipositi inarudi kwa masharti gani, notisi ni ya muda gani.

Karatasi hiyo inamfaa mama zaidi, maana asipokuwa nayo anashika njia ya mkato. Anang'oa mlango, au anapiga kufuli na vyombo vya mpangaji vikiwa ndani. Kisheria kukamata mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni. Na nyumba za makaazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya sheria ya udhibiti wa kodi, ambayo haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mtu bila amri ya baraza lake. Mama mwenye haki yake anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa.

Mpwa wangu alipata chumba Ijumaa iliyopita. Mwenyewe ni mzee mmoja, fundi seremala mstaafu. Alimpigia msimamizi wake wa kazi, akampigia mwenye nyumba wa zamani, akatoa daftari akaandika nakala mbili kwa mkono, wakatia sahihi. Kabila hakumuuliza mpaka walipokaa kunywa kahawa, na hapo alikuwa akitafuta tu kama wana udugu.