Chanjo Mpya na Maswali ya Mkulima

Serikali ilipotangaza mwaka 2024 mpango wa kuchanja ng'ombe, mbuzi na kondoo nchini kote, wakulima wengi waliuliza: dawa hii imejaribiwa wapi, na ng'ombe wangu akidhurika nimwendee nani? Wako waliowaona wakaidi. Mimi sioni hivyo. Maswali ya namna hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe, na habari za sotoka zatuonyesha.

Zamani chanjo ya sotoka iliyotumika Kabete, ambako si mbali na Woodley, ilikuzwa katika mbuzi. Ilikinga, lakini ng'ombe wa aina nyingine iliwaumiza vibaya. Basi huko Muguga Dkt. Walter Plowright na wenzake wakakuza virusi vya sotoka katika chembe za figo za ndama, wakivihamisha chupa hata chupa, karibu mara 90. Hawakujua vitapoteza ukali lini, wala kama vikiupoteza vitakinga bado. Kwa hiyo kila baada ya hatua kadha waliwadunga ng'ombe wachache, wakangoja, wakaandika waliyoyaona. Kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Chanjo ikafaa sana. Kampeni ya Afrika iliyoanza 1962 ikaisha 1976, watu wakalegea, na miaka ya 1980 sotoka ikarudi kwa nguvu. Tena chanjo ilitaka baridi, na mbuga za mbali hazina friji. Karibu mwaka 1990 Dkt. Jeffrey Mariner na wenzake walipata namna ya kuikausha iweze kukaa mwezi mzima bila baridi, na wachungaji wenyewe wakafundishwa kuchanja.

Hata hivyo sotoka ilijificha. Mwaka 1996 iliingia Mbuga ya Nairobi, mlangoni pa mji. Kwa ng'ombe ilikuwa nyepesi, rahisi kutotambuliwa. Wanyama wa porini ndio waliokufa. Mgonjwa wa mwisho duniani alionekana Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ugonjwa ukatangazwa umekwisha.

Basi, Bwana Mifugo akija shambani kwako, muulize jina la chanjo na nambari ya chupa, uandike na tarehe. Ng'ombe akivimba au maziwa yakipungua, mpe habari upesi, wala usingoje mkutano. Idara nayo ina deni lake: iseme wazi wangapi walidhurika na nini kilibadilishwa, na majibu hayo yabandikwe pale joshoni, kila mtu asome.