Ni Nani Anayekula Katikati ya Dola na Falanga?

Mara nyingi nasikia watu wakisema: «Fedha ni fedha tu, dola au falanga, yote mamoja.» Asemaye hivyo ni mtu asiyekosa dola mfukoni. Mwulizeni mama auzaye unga wa muhogo sokoni Butembo, atawajibu vingine.

Fedha ina kazi tatu: kupimia bei, kulipia, na kuwekea akiba. Butembo na Beni kazi hizo tumezigawa. Vitu vikubwa twavipima kwa dola, na akiba yetu ni dola. Falanga imebaki kulipia chumvi, mafuta na pikipiki. Huko Kasindi, mpakani, hata shilingi ya Uganda imo.

Sisemi kwamba watu walikosa akili. Walichomwa. Zaire ilipozaliwa mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dola mbili. Baadaye Serikali ikachapa noti pasipo kiasi. Na noti zikiongezeka, bidhaa zisiongezeke, bei hupanda. Januari 1993, huko Kinshasa, askari walilipwa kwa noti ya zaire milioni tano. Wachuuzi wakaikataa, askari wakapora mji, hata balozi wa Ufaransa akauawa. Mwaka ule ule zaire milioni tatu zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa falanga moja. Pigeni hesabu: falanga moja kwa zaire za kwanza bilioni 300! Basi muhuri wa Serikali peke yake hautoshi. Noti ni fedha kadiri jirani anavyokubali kuipokea.

Mwenye duka la vitambaa hujitetea: «Mali yangu natoa Dubai, nalipa dola.» Haya, yeye ana neno. Lakini shule je? Mwalimu wa Serikali hulipwa falanga, na chaki haikufuatwa Dubai. Nimeona ada imeandikwa kwa dola mlangoni, na mzazi mwenye falanga akihesabiwa kwa kima cha karani, si cha sokoni. Tuseme sokoni dola ni falanga 2,300, kwa karani ni 2,500. Ada ya dola 20 imezidi falanga 4,000, nazo hazikununua dawati wala kitabu.

«Basi alete dola!» Mama aenda kwa mbadilisha-fedha, naye akata chake. Arudipo, noti ina mpasuko mdogo kama ukucha: yakataliwa. Kumbe falanga iliyochakaa hata sura haionekani hupokelewa!

Watasema karani anajikinga, kwa kuwa falanga yaweza kushuka kesho. Je, ikipanda? Mwaka 2025 falanga ilipata nguvu mbele ya dola. Ni mlango gani uliobadilishwa namba?

Kima cha sokoni cha asubuhi ile kiandikwe chini ya ada, kwa namba zinazosomeka, na karani asiwe na kingine mezani.