Unene wa kudanganya

Juma hili tuongee juu ya mtoto ambaye majirani wanamsifu: «Tazama mashavu, huyu anakula vizuri!» Lakini mama yake anaona kwamba hataki chakula, hataki kucheza, analia tu. Kwetu mwili wa kujaa ni heshima, na ndiyo sababu bwaki inatupita machoni. Ule si unene. Ni maji yaliyojaa chini ya ngozi.

Bwaki ilichunguzwa karibu nasi, huko Lwiro, Kivu ya Kusini, na watafiti wa IRSAC katika miaka ya 1950. Waganga wanaiita kwashiorkor. Jina hilo liliandikwa na daktari Cicely Williams mwaka 1935. Alilipata kwa Waga wa Ghana: ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anakuja.

Wengine wanamlaumu mama, wengine wanataja uchawi. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo juu ya mapacha wa Malawi. Katika nyumba moja, kwa chakula kilekile, pacha mmoja aliugua na mwenzake akabaki mzima. Waliona kwamba vijidudu vya tumboni navyo vina sehemu yao. Basi tuache kunyoosheana vidole, tujifunze kupima.

Kwanza, miguu. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, hesabu sekunde tatu. Shimo likibaki miguuni yote miwili, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Pili, mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkanda wa rangi tatu ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, usingoje. Lakini mwenye bwaki anaweza kuonyesha kijani, kwa hiyo miguu isisahauliwe.

Tatu, hamu ya kula. Kituoni mganga atampa mtoto Plumpy'Nut mbele yako. Akila vizuri na hana shida nyingine kubwa, atatibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, atapelekwa hospitali, kwa sababu kukataa kwake ni dalili ya ugonjwa mkali. Si kiburi. Tusimpige, tusimzibe pua ili ameze: chakula kinaweza kumkaba.

Paketi moja ina gramu 92 na kalori 500. Ni dawa yake. Tusiigawe kwa ndugu zake, tusiiuze sokoni.

Kwa wale wazima, fufu peke yake haitoshi. Tuongeze maharagi, unga wa karanga, sambaza, hata kidogo kila siku, na mtoto awe na sahani yake ili tuone amekula kiasi gani.

Siku ya likelemba, tuje na watoto. Kabla ya kuhesabu pesa, tubonyeze miguu.