Samaki wetu wanavuka mpaka, wanaowajua wanabaki

NGUBA, BUKAVU. Juma hili mabishano yalikuwa makali pale tunapochajia simu. Kijana wa jirani, mwanafunzi wa mambo ya maziwa na samaki, amealikwa Ulaya na klabu ya watu wanaofuga samaki katika matangi ya vioo. Wanataka akawaeleze samaki wa ziwa Tanganyika. Muzee mmoja akamrukia: « Batu banalala chini, bunga hakuna, weye unaenda kuongelea samaki kwa Bazungu? » Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nasema wazi: kijana aende. Na sababu ninazo.

Ya kwanza: samaki hao si vitu vya mchezo. Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina kinachopita mita 1,400. Limegawanywa kati ya nchi nne, na Kongo ni mojawapo. Ndani yake mna aina zaidi ya mia mbili za samaki ambao huwakuti popote pengine duniani. Maji yake yana madini mengi, hata baadhi ya wafugaji wa Ulaya huchanganya chumvi maalumu katika maji ya bomba. Watu hao wanalipia taa, pampu na umeme mchana na usiku. Na wanapokutana, wanamtafuta mtu aliyeliona ziwa lenyewe ili awasimulie.

Sasa uliza: ni nani amekuwa akisimama mbele yao miaka yote hii?

Mwingereza J.E.S. Moore alikuja mwishoni mwa karne ya 19. Aliona konokono na kiwavi-maji wa Tanganyika wanafanana na wa baharini, akarudi kwao akashikilia kwamba ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari. Mwaka wa 1903 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Alikosea. Lakini mmoja wa samaki wetu wa mawe, Tropheus moorii, bado anabeba jina lake. Baadaye Mbelgiji Pierre Brichard aliuza samaki ng'ambo kutoka Bujumbura na kuandika vitabu juu yao. Naye pia ana samaki mwenye jina lake. Siwalaumu kwa kusema. Nalaumu kwamba mvuvi aliyepiga kasia, aliyejua jiwe gani lina samaki gani, hakusikilizwa hata siku moja.

Katika parseli ya jirani yangu yuko mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Uvira. Mume wake alikuwa mvuvi, yeye mwenyewe aliuza ndagala na mikeke. Atakueleza jinsi kuhe dume na jike wanavyolinda watoto wao pamoja, na kwa nini mvuvi mwenye akili hapitishi wavu pale. Watoto wake wanakua hapa bila kuona mtumbwi wa nyumbani. Elimu hiyo haimo kwenye kabati la ofisi yoyote. Akinyamaza yeye, imekwisha.

Ya pili: maneno ya kijana yanaweza kulinda kitu. Samaki wa mawe kama Tropheus hawapendi kuvuka mchanga. Kila pwani ina rangi yake. Ukimaliza wa mwamba mmoja ili kuwauza, wa rangi ile hawatatoka pengine. Tena milima ikikatwa miti, udongo unashuka na kufunika mawe wanayolishia. Mnunuzi wa Ulaya anaona rangi tu. Anahitaji mtu wa kumwambia bei yake halisi.

Muzee wangu atasema: njaa kwanza. Ni kweli, na heshima yako naishika. Lakini sambaza tunazonunua hapa ufukweni, ambazo jamaa wengi waliokimbia wanalia nazo bugali, zililetwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Maongezi ya samaki ndiyo maongezi ya sahani yako.

Sasa nageukia klabu zenyewe. Samaki anafungwa katika mfuko wa plastiki wenye oksijeni, anapewa karatasi, anapanda ndege. Kijana wa Nguba anaishi hatua chache kutoka mpaka wa Ruzizi, lakini balozi nyingi ziko Kinshasa, na Februari 2025 ndege za abiria ziliacha kutua Kavumu. Mnamwambia « lipa kwanza, tutakurudishia ». Alipe na nini? Kama mnamtaka kweli, tumeni barua mapema, lipeni tiketi na viza kabla ya safari, na mpeni malipo yale yale mnayompa msemaji mwingine.

Na wewe mdogo wangu, usiende kuwa pambo la karamu. Usiende kuombaomba pia. Kabla ya kuondoka, kaa na yule mama, andika majina anayoyajua, umwombe ruhusa, na umtaje kama mwalimu wako. Picha za rangi nzuri wanazo tayari. Waambie juu ya nyavu, udongo na vita. Ukirudi, simama hapa Nguba utuhadithie kwa Kiswahili, sisi na wageni wetu, kabla hujaandika ripoti ya Kifaransa.

Muzee, siku hiyo tutakuwekea kiti mbele. Uje umuulize maswali.