Ile Chipu Niliwatangazia Haisaidii Kitu. Hii Ndio Ilisaidia

Wasee, leo naanza na kukiri kosa. Mwezi wa tatu nililipwa kutangaza kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, eti kinapunguza mafuta asilimia 30. Mliniona kwenye video nikitabasamu nacho kama nimeshinda lotari. Wiki jana dem mmoja akaniandikia kwamba mjomba wake, dereva wa teksi, alinunua viwili kwa sababu yangu. Kimoja chake, kingine cha rafiki yake. Akaniuliza swali moja tu: "Wewe ulikipima?"

Sikuwa nimekipima.

Sasa nimekipima, na niko na maoni. Gari ya zamani inayokunywa mafuta haihitaji kuongezewa kitu. Inahitaji vitu vyake yenyewe vifanye kazi. Na sisi tunaokula kwa kutengeneza video tuna deni la kuwaambia hivyo, hata kama hakuna mtu atawahi kutulipa kutangaza themostati.

Gari ninayoongelea ni SUV ya mathe. Siitaji ni ya kampuni gani, juu mtaanza kupigania kampuni badala ya kusoma. Ni ya 2004, petroli, injini ya lita 2.4, na imekula kilomita 287,000. Mathe husambaza mayai kutoka Ruiru hadi Githurai na Roysambu, na hiyo gari ndio punda wake. Mimi niliacha campus mwaka wa pili karo iliposhinda, kwa hivyo dereva ni mimi, mwenye kulipa mafuta ni yeye. Buda alikuwa ashaamua iuzwe kwa brokaa kwa bei ya kutupa. "Faida yote ya mayai inaishia kwa tangi," alisema. Na hakuwa anadanganya.

Najua mtasema shida ni bei. Ni kweli. Mwaka wa 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwaka huo huo lita ya petroli ikapita shilingi 200 hapa Nairobi. Kila tarehe 14 tunangoja EPRA itangaze bei, tunalia, halafu asubuhi tunaingia kwa gari yenye tairi laini na taa ya injini imewaka tangu Krismasi. Kulia kuna haki yake. Lakini ile nusu iliyo mikononi mwetu hatuishiki.

Kwanza nilipima. Njia ni rahisi: jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sufuri, endesha wiki nzima kama kawaida, rudi kwa pampu ile ile, jaza tena hadi ijikate. Gawanya kilomita kwa lita. Usiamini geji, na usiweke mafuta ya mia tano mia tano ukidhani unajua gari yako. Bila kidude nilipata kilomita 6.3 kwa lita. Nikiwa nacho, 6.2.

Nikakifungua na bisibisi. Ndani kuna kataa kanawaka, na kile kinachokawasha. Basi. Hakuna waya hata moja inayoongea na kompyuta ya gari. Na si hiki changu tu. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vidude 100 vya aina hii, na halikupata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiwango cha maana.

Ndio nikaenda gereji ya mtaani na kusema, "Fundi, gari inakunywa." Hakufungua hata boneti. Akauliza, "Geji ya joto hufika wapi?" Nikajibu kwa kujivunia kwamba haifiki nusu, hata tukiwa kwa jam. Akacheka. "Kijana, hiyo injini haijawahi kupata joto."

Themostati ilikuwa imekwama wazi. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwa rejeta mpaka injini ipate joto. Ikikwama wazi, maji yanapoa muda wote, na kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi Limuru, so inamwaga mafuta zaidi. Unaendesha siku nzima kama mtu ambaye ndio amewasha gari sasa hivi.

Halafu akapima kodi kwa mashine, na ile taa ya injini ikajieleza: sensa ya oksijeni imechoka. Hii hukaa kwa ekzosi, inaangalia hewa iliyobaki baada ya mafuta kuungua, halafu inaambia kompyuta ipunguze au iongeze. Ikifa, kompyuta inakisia, na mara nyingi inakisia kwa kuzidisha. Serikali ya Marekani inasema kurekebisha shida kubwa kama sensa iliyokufa kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta hadi asilimia 40. Sikupata 40, lakini tofauti niliisikia.

La mwisho, baada ya kuendesha kidogo akaniambia nikaribishe mkono kwa kila rimu bila kugusa. Ya mbele kushoto ilikuwa inachoma. Kaliperi ilikuwa imeshika, yaani nilikuwa natembea huku nimekanyaga breki.

Bili: themostati 1,800, sensa 6,500, plagi nne 2,800, kusafisha kaliperi 1,200, kazi ya fundi 2,500. Jumla 14,800. Mathe aliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu, nami nikamwambia nusu nalipa mimi. Pesa ya tangazo ilikuwa imeisha kitambo, kwa hivyo nililipa na ya kazi nyingine.

Tangi lililofuata: kilomita 8.1 kwa lita. Tunatembea karibu kilomita 300 kwa wiki. Tuweke lita ni shilingi 180 ndio hesabu iwe rahisi. Zamani tulichoma lita 47 na kitu. Sasa ni 37. Hiyo ni kama 1,900 kila wiki, yaani bili yote inajilipa kwa wiki nane.

Kama huna 14,800, anza na vya bure. Presha ya tairi: kila psi moja ikipungua unapoteza karibu asilimia 0.2, na zangu zilikuwa chini kwa psi 8. Soma namba kwa kibandiko cha mlango wa dereva, si ile iliyoandikwa kwa tairi, hiyo ni kiwango cha mwisho. Toa keria kama hubebi kitu juu, upepo haujui kama iko tupu. Shusha mizigo, sisi tulikuwa na tairi mbili kuukuu na mtungi wa maji tangu safari ya ushago. Zima injini ukingoja mtu. Na acha kukanyaga mafuta kukimbilia taa nyekundu.

Na tafadhali, acheni kutoa gia mkiteremka eti mnaokoa mafuta. Gari za injeksheni zikiwa kwenye gia na umetoa mguu kwa mafuta, kompyuta hufunga mafuta kabisa. Ukitoa gia, inabidi iyarudishe ndio injini isizime. Kwa hivyo unachoma zaidi, na pale mteremko wa Mai Mahiu unabaki na breki pekee.

Sitawadanganya tena: gari kubwa ni gari kubwa. Injini ikiwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu, sensa mpya haitaiokoa. Na kuna siku ya kuuza. Lakini usimuuzie brokaa gari kwa bei ya hasira kabla hujagusa rimu na kusoma geji ya joto. Yeye atabadilisha themostati kesho yake na kuiuza kwa bei yake.

Ile video nimeifuta. Mjomba wa yule dem nimemwambia aje kwa fundi wangu, gari ipimwe kwa mashine, nitalipia mimi. Kuanzia leo, nikiwaonyesha kitu cha gari, nitaonyesha na risiti mbili za pampu, ya kabla na ya baada. Nisipozionyesha, niulizeni kama alivyoniuliza yeye.

Buda bado anasema iuzwe. Lakini Jumamosi nilimpata nje na geji ya presha, akipima tairi ya spea.