Msiseme Wazee Wetu Hawaelewi Presha

Kila tukiwasindikiza wazee kliniki hapa kambini Nyarugusu, tunasikia neno lile lile: "Hawa wa presha hawaelewi." Eti hawamezi dawa. Eti wanapenda chumvi. Ngojeni kwanza.

Kuna mama jirani yetu alipewa vidonge vya wiki mbili. Aliporudi, dawa zimeisha, "njoo wiki ijayo." Sasa anameza leo, kesho anaruka, ili vifike. Hiyo mnaita kutoelewa? Hiyo ni hesabu, ndo ile ile anayopigia unga wa posho.

Halafu yale mashauri. "Mama, punguza mawazo." Nani amewahi kupunguza mawazo kwa kuambiwa, na mwanawe alibaki Kongo hajui kama yuko hai? "Kula matunda na mboga." Kwa pesa gani?

Mwongozo wa WHO wa 2021 unasema mgonjwa ambaye presha yake imetulia aonwe kila miezi 3 hadi 6. Basi mbona wetu wapange foleni kila wiki mbili? Wapeni dawa za kutosha. Waandikieni namba zao kwenye kadi na muwaelezee kwa Kiswahili au Kibembe, siyo kwa haraka mlangoni.

Lakini na sisi vijana tujisute. Nyumbani tunawaacha wazee wameze kidonge kichwa kikiuma tu, kama Panadol. Tunawaazimia vidonge vya jirani. Tunanyamaza wakiacha dawa kwa sababu "nimepona." Jamani, presha inaweza kufika 180 na mtu anacheka, hasikii kitu. Kimya kimya inakula moyo, figo na ubongo. Siku mdomo ukipinda na mkono ukikataa kuinuka, tunasema karogwa. Kumbe dawa ni ya kila siku, na ukijisikia mzima usiiache, maana huenda ndo inafanya kazi.

Na chumvi: kwa siku isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya makayabu. Nani anapika nyumbani? Ni sisi. Tuloweke, tumwage maji, tupunguze mkono.

Mashirika, lekebisheni foleni na dawa. Vijana, kesho ulizeni nyumbani: "Bibi, umemeza?" Wazee wanaelewa. Tuliobaki nyuma ni sisi na ninyi.