Unangoja laptopu ndipo uandike? Ngũgĩ alitumia karatasi za choo

Kila kijana anayeota kuandika riwaya ana sababu yake ya kutoanza. Laptopu imeharibika. Nyumba ni ya chumba kimoja na jirani hazimi redio. Wengine wanangoja msukumo, kana kwamba utakuja na boda.

Sasa mtazame Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 akiwa na miaka 87. Wengi wanajua alivyozuiliwa Kamiti bila kufikishwa kortini, tangu mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978, na kwamba mle ndani aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ (kwa Kiswahili, Shetani Msalabani) kwenye karatasi za choo. Karatasi zenyewe hazikuwa hizi laini za supamaketi. Zilikuwa ngumu, na kwa kalamu hilo likawa afueni. Kuna wakati askari walipekua seli, wakabeba kazi yote. Baadaye ilirudishwa, akaendelea.

Stori hiyo husimuliwa kama sinema ya ushujaa, halafu inaishia hapo. Kwa anayetaka kuandika, kuna jambo jingine kubwa zaidi. Hiyo ilikuwa riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, baada ya nne za Kiingereza. Mtu ameshapata jina duniani, halafu anaanza upya katika lugha ambayo hakuwahi kuandikia riwaya!

Maandalizi yalikuwa yamefanyika nje ya jela. Mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa ajili ya kituo cha jamii cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wakulima na wafanyakazi waliposikia rasimu, hawakupiga makofi tu. Walikosoa. Mzee hasemi hivi, walisema. Mzee huongea kwa namna yake. Hebu fikiria: mhadhiri wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Nairobi akisahihishwa na watu ambao baadhi yao ndio kwanza walikuwa wakijifunza kusoma. Naye akasikiliza.

Si kwamba alidharau vitabu. Alimsoma Joseph Conrad, akamsoma George Lamming wa Barbados, na mwaka 1962, akiwa bado mwanafunzi Makerere, alimpelekea Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child. Kuna kisa chake kingine cha Makerere ninachokipenda kuliko hiki cha jela: alimwambia Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida la wanafunzi, kwamba ameandika hadithi fupi. Hakuwa ameandika chochote. Kwa kuwa ulimi ulishateleza, ikabidi aende akaiandike.

Turudi kwetu. Miswada mingi ya vijana ina shida moja: makanga wa Buruburu anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwandishi anaogopa Sheng kwa sababu soko kubwa la vitabu nchini ni shule, na shule inataka sanifu. Hofu hiyo ina msingi. Ada na kodi hazilipwi kwa sifa. Lakini msimulizi anaweza kushika sanifu huku makanga akiachwa aongee kama makanga. Ngũgĩ mwenyewe alisisitiza lugha za mama, na huenda asingekubali kwamba Sheng inatosha. Hapo tunatofautiana naye kidogo. Kijana aliyezaliwa Eastlands, ambaye wazazi wake wana lugha mbili tofauti, atagombana, atatongoza na kuomba msamaha kwa Sheng. Hiyo ndiyo lugha anayoweza kusahihishwa na watu wake.

Basi andika, hata kama ni kwenye simu, ukiwa ndani ya matatu. Kisha usimpe rafiki atakayekujibu "iko poa" na emoji ya moto. Wasomee kwa sauti watu wanaofanana na wahusika wako, uone wanachekea wapi na wanachoka wapi.

Caitaani ilipotoka mwaka 1980, ilisomwa hivyo: familia jioni, wafanyakazi saa ya chakula, na baa pia. Huko baa, msomaji alikuwa akifika pale penye utamu, kisha ananyamaza na kuweka kitabu chini hadi wasikilizaji wamjazie glasi.